Muziki Usioanza na Nzuri

Sisi watu tuna ugonjwa wa kusema nzuri. Mtu nyumba yake imeungua, watoto wamekaa nje na masufuria, unapita unamuuliza, "Habari za hapa?" naye anakujibu, "Nzuri tu." Halafu anameza mate na kuongeza, "Ila nyumba imeungua." Ndiyo desturi, nami siipingi, adabu ni adabu. Nzuri inatangulia, ila inafuata, na ukweli wote umekaa kwenye hiyo ila. Shida inakuja pale mtu anapopewa nafasi ya kusema nzuri, kisha asibaki mtu wa kuisubiri ila yake.

Hilo ndilo lililompata Deusdedit wa Segese.

Deusdedit, ambaye watu wanamwita Deusi kwa sababu hakuna mwenye muda wa kulimaliza jina lile, alikuwa mchimbaji mdogo, wa nyundo na moko, ile patasi ya kuvunjia mwamba, si wale wanaoshushwa kwa mitambo kwenye mgodi mkubwa kule Bugarama. Siku duara lao, yaani shimo lao la kuchimbia, lilipotitia, yeye na mwenzake Jilala walibaki chini. Watu wakachimba kuwatafuta mpaka wakakata tamaa, kisha wakaona aibu, wakachimba tena. Hatimaye wakamtoa Deusi, amejaa vumbi kuanzia unywele hadi ukucha, na umati uliokuwa pale ni kama wa mnadani. Mkewe, Paskazia, akapenya katikati ya watu, akapiga magoti mbele yake, na kwa kuchanganyikiwa kwake maneno pekee yaliyomtoka ni yale aliyozoea kuyasema kila mume anaporudi kazini.

"Baba Juliana, habari za huko chini?"

Na Deusi, macho ameyafumba kwa ukali wa jua, akajibu, "Nzuri."

Lo! Watu walicheka mpaka wakalia. Kilikuwa kicheko, na ilikuwa hofu pia inawatoka, tusiwalaumu. Wakambeba juu juu, wakampakia kwenye gari, na Deusi akafungua mdomo tena. Alitaka kusema ila. Ila Jilala. Lakini gari lilikwisha kuwashwa na wanaume wanaimba. Jilala alitolewa baadaye, amefunikwa, na hapo hakucheka mtu.

Tangu siku hiyo "nzuri ya Deusi" ikawa msemo wa Segese. Mtu pikipiki imemfia njiani, ukimuuliza habari anakwambia, "Nzuri ya Deusi!" na kijiwe kizima kinaangua kicheko. Mwenyewe akipita wanamwita Bwana Nzuri. Naye alikuwa anacheka pamoja nao, angefanya nini? Mwaka mzima alicheka hivyo, na ndani ya kicheko kile alikuwa peke yake kabisa. Machozi ya samaki huenda na maji, walisema wahenga, na hakuna anayeyaona.

Chini hakurudi tena. Mzee Donatus, mwenye karasha, akampa kazi ya kulisimamia. Karasha ni lile pipa kubwa la chuma linalozungushwa na mota, ndani yake mna mipira ya chuma inayosaga mawe yenye dhahabu mpaka yawe unga. Kelele yake si mchezo. Wengine wanaofanya kazi pale wanajiziba masikio kwa pamba, na wakifika nyumbani wanaongea na wake zao kwa kupayuka. Deusi hakuwahi kujiziba. Karasha likinguruma alikuwa mzima, anakula, anapangusa jasho, anatania. Likizimwa ndipo balaa lilipoanza, maana ukimya ulikuwa unamrudisha kulekule.

Na nyimbo zikamshinda. Hili ndilo lililomuumiza Paskazia, maana walikutana kwenye mazoezi ya kwaya, na Deusi alikuwa mwimbaji mzuri wa sauti ya pili. Sasa kwaya ikisimama kuimba yeye anatoka nje, anakwenda kusimama karibu na choo. Redio ya kinyozi, nyimbo za mapenzi kwenye bodaboda, zote zilikuwa zinamkera hadi tumboni. Hata zile za maombolezo! Zinaanza na kinanda kitamu, zinapanda pale unapojua zitapanda, zinatua pale unapojua zitatua, kila sauti imekaa kwenye kiti chake, na mwisho mnaambiwa mtaonana. Deusi alikuwa anazisikiliza na kuona zinamwambia neno moja tu: nzuri, nzuri, nzuri.

Siku moja akasimama kwenye kibanda cha Wema, binti anayeingizia watu nyimbo kwenye memori kadi.

"Shemeji, nikuwekee za nani leo?" Wema akamuuliza.

"Huna zenye kelele?"

"Singeli ninazo mpaka za kumwaga."

"Singeli watu wanacheza. Mimi nataka kelele yenyewe."

Wema akamtazama kuona kama anatania. Kisha akachokora kwenye kopo la skrubu akatoa kadi moja ndogo. Alisema ilitoka kwenye simu kuukuu aliyoinunua kwa fundi mmoja mgeni wa mashine za kuchoronga miamba, aliyekuwa anarudi kwao. "Nilimpa dereva wa lori, akarudi kunigombeza eti nimemuulia spika. Hapa wameandika blaki metali. Sijui ndiyo metali nyeusi."

"Makubwa! Sisi tunataabika na ya njano, wewe unaniletea nyeusi."

"Ichukue bure, shemeji. Niondolee mkosi dukani."

Aliifungulia mchana ule ule, nyuma ya lundo la marudio, ule mchanga uliokwisha sagwa, sahani ya wali magotini na spika za masikio zimekaa vizuri. Mwanzoni naye alidhani simu imekufa. Kulikuwa na magitaa mawili, lakini hayakuwa yamepatana. Moja linakwenda huku, lingine linalipinga, na badala ya mmoja kumpisha mwenziwe wanabanana palepale mpaka meno yanaingia ganzi. Ngoma inakimbia, inakimbia, kisha inajikwaa makusudi, inaacha pengo mahali ambapo mguu wako ulikuwa tayari kukanyaga. Na chini ya yote hayo, amefukiwa ndani ya ule msukosuko, mtu anapiga yowe. Lugha yake haieleweki, na sijui kama hata kwao inaeleweka. Yowe lenyewe lilikuwa la mtu aliyeita sana, akajua haji mtu, na bado anaita.

Wali ulipoa. Deusi alihisi mabega yake yanashuka, mabega ambayo hakujua kwamba mwaka mzima alikuwa ameyapandisha. Akajikuta analia, tena bila uchungu, yanatiririka tu. "Kumbe," alisema kwa sauti, peke yake pale na mchanga. "Kumbe kuna mwingine." Huyo mtu wa mbali, popote alipo, hakuanza na nzuri. Alikwenda moja kwa moja kwenye ila.

Akawa anausikiliza muziki ule kila siku. Na kadiri alivyousikiliza ndivyo alivyogundua kwamba ule ubaya una mpango wake. Magitaa yale hayakukosana kwa kutojua. Waliopiga walikuwa wanajua kabisa mahali pa kupatana, wanapakwepa kwa unywele tu. Na pale wanapokaribiana sana bila kugusana, inazaliwa sauti ya tatu ambayo hakuna aliyeipiga, inatetema katikati yao. Deusi alikuwa anaisubiri hiyo ya tatu kama mtu anayesubiri mgeni. Alijua alikwishawahi kuisikia mahali, na mahali penyewe alipajua pia, ila hakutaka kupataja.

Haya. Angebaki na spika zake za masikio pasingekuwa na hadithi. Lakini mtu akipenda kitu anataka kukisikia kimejaa chumba. Jumamosi moja alasiri Paskazia yuko gulioni na mtoto, Deusi akaazima spika kubwa, akaiweka dirishani kwake, hatua chache tu na karasha, akafungulia. Hazikupita dakika, Mzee Donatus huyo! Anakuja mbio, msuli umemporomoka, spana mkononi.

"Zima! Zima karasha, Deusi, beringi imekufa!"

Akafika kwenye karasha, akalikuta limetulia, mkanda umening'inia, kuku amelala juu ya mota. Akageuka kulia, akageuka kushoto. "Sasa hiyo inayolia ni nini?"

"Ni muziki, mzee."

"Muziki?" Donatus akainamisha kichwa, akasikiliza kama fundi anavyosikiliza injini iliyo mgonjwa, kwa haki kabisa. "Huyu mtu," akasema mwishowe, "anahitaji grisi."

Segese ilicheka wiki nzima. Lakini kicheko cha watu hakikawii kuchacha. Wakaanza kuulizana: mtu mzima, aliyefukiwa akatoka hai, anasikiliza nini kile? Mmoja akasema frimasoni. Mwingine akasema ndiyo maana alitoka peke yake, mwenzake alibaki kama malipo. Mama Hosiana, kiongozi wa maombi, akapita nyuma ya nyumba ya Deusi makusudi ili asikie, akarudi na taarifa kwamba humo ndani kuna mtu analia chini ya ardhi, amemsikia kwa masikio yake. Watu wa Segese hawa! Ukiwapa uzi wanakurudishia kanzu. Neno lile likapanda basi, likafika Kagongwa na vijiji vyake, na kila lilipolala liliamka limenenepa.

Paskazia alivumilia maneno ya kisimani, akavumilia na ya gulioni. Ijumaa moja akavunjika.

"Baba Juliana, Jumapili watu wanapeleka hirizi zao kanisani zichomwe. Mama Hosiana anasema na hiyo kadi yako ipelekwe, mbele ya watu wote. Nimemwomba sana. Nimemwambia tutaichoma hapa nyumbani, kwenye jiko letu, asubuhi kabla ya ibada. Amekubali."

"Ni muziki tu, mke wangu."

"Muziki! Mtu anachinjwa humo unaniambia muziki?"

"Unanituliza."

"Unakutuliza?" Sauti yake ilipasuka. "Mimi nimekaa kando yako mwaka mzima. Nikikugusa unashtuka. Nikikuuliza unaniambia nzuri. Mtu nisiyemjua anapiga makelele kwenye simu, huyo ndiye anakutuliza, mimi sikutulizi?" Akafuta macho kwa ncha ya kanga. "Usipoichoma Jumapili, mimi na Juliana tunakwenda Kagongwa kwa kaka. Nguo nimeshafunga."

Na kweli alikuwa amefunga, furushi lilikuwa nyuma ya mlango. Deusi alilitazama. Alimpenda mkewe, hilo halina mjadala. Alitaka kumweleza. Alifungua mdomo mara ngapi sijui, na kila alipofungua yalikuwa yanakuja maneno ya adabu tu, yale tuliyofundishwa tangu utotoni. Ningekuwepo ningempiga kibao, ateme. Lakini sikuwepo, na Jumamosi nzima alishinda kwenye karasha limezimwa, anachuja mchanga usiohitaji kuchujwa, akimfikiria Jilala.

Hapa lazima niwaambie kuhusu Jilala, msije mkadhani alikuwa malaika. Alikuwa mrefu, mcheshi, na ndiye mwimbaji mbovu kuliko wote waliowahi kusimama kwenye kwaya ya Segese. Wenzake wakiwa juu yeye yuko chini, wakishuka yeye ndiyo kwanza anapanda, tena kwa nguvu zote na macho ameyafumba kwa raha. Mwalimu wa kwaya alimvumilia mpaka siku ya harusi moja, alipoharibu wimbo hadi bibi harusi akacheka shelani. Wakamfukuza. Jilala hakununa hata kidogo. Alisema wao ndio waliokosea, yeye alikuwa sahihi peke yake. Na msibani kwake kwaya ileile iliimba vizuri sana, kila sauti kwenye kiti chake, na Deusi akasimama karibu na choo.

Siku hiyohiyo ya msiba, mama yake Jilala alimshika Deusi mkono, akamuuliza mwanawe alikufaje. Watu walikuwa wamekwisha mwelekeza cha kusema. "Alilala tu, mama," akasema. "Hakuteseka." Mama akaitikia kwa kichwa, akauachia mkono.

Jumapili ikafika. Paskazia aliwasha jiko la mkaa uani mapema, akalipepea mpaka likawa jekundu, bila kuinjika kitu. Juliana alikuwa amevaa gauni lake la kanisani. Deusi akatoka na simu mkononi. Alikuwa ameamua kuichoma. Mke ni mke, mtoto ni mtoto, na yule mtu wa kwenye simu wala hamjui. Alikuwa anaingiza ukucha ili aitoe kadi, ndipo iliposikika sauti nje ya ua.

"Hodi hapa!"

Alikuwa Mama Jilala, kikapu cha michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kichwani, vumbi la safari limemfika magotini. Ametoka kijijini kwake huko upande wa Kagongwa alfajiri, kwa basi la kwanza kisha kwa miguu.

"Karibu mama, shikamoo," Paskazia akapiga goti, akampokea kikapu.

"Marahaba. Hamjambo humu?"

"Hatujambo."

Kisha akamgeukia Deusi. "Mhola, baba?"

"Mhola duhu, mayu," akajibu Deusi, na kwa Kisukuma nako mhola ni ile ile nzuri, imebadili nguo tu.

Wakampa kigoda. Maji hakuyagusa. Alikuwa anaitazama simu mkononi mwa Deusi.

"Nimekuja kumsikia mwanangu," akasema.

Hawakumwelewa.

"Kule kwetu habari imefika. Wanasema ulimrekodi Jilala kwenye simu huko chini, na kwamba humo analia, na wewe huwa unamsikiliza. Wengine wamenishauri nije na polisi. Polisi wa nini? Sikuja kugomba, baba." Akashusha pumzi. "Nimeanza kuisahau sauti yake. Sura ninayo, ipo kwenye picha ukutani. Sauti hakuna aliyeipiga picha. Kama unayo, niwekee nimsikie, hata kama analia. Nitavumilia."

Paskazia akaziba mdomo kwa kanga. Deusi alisimama pale na dunia imemuelemea. Na wazo lilimjia, tusimfiche: amwambie ndiye. Mama mzima ametoka alfajiri kuja kumsikia mwanawe, unamnyimaje? Alikwisha mdanganya mara moja msibani, na kila mtu akamsifu.

"Si yeye, mama," akasema. "Simu huwa tunaziacha juu, kule chini maji yanaziua. Hawa ni watu wa mbali, siwajui. Ni muziki wao. Watu wamekudanganya."

Mikono ya Mama Jilala ilikuwa magotini, imelegea, na uso ukawa wa mtu aliyefika kisimani akakuta pamekauka. Deusi alitamani ardhi impasukie kwa mara ya pili.

"Niwekee hivyohivyo," mama akasema. "Nimekuja mbali."

Akauweka ule anaoupenda kuliko yote. Magitaa yakaanza ugomvi wao, ngoma ikaanza kukimbia, kuku wakatawanyika uani. Juliana akajificha nyuma ya mama yake. Yule mtu akapiga yowe lake kutoka chini ya kila kitu. Mama Jilala aliinama mbele, mdomo umefunguka kidogo, akasikiliza kama anayetafuta mtu kwenye umati. Alisikiliza mpaka mwisho, na mwisho wake haukutua popote, ulikatika tu.

"Kweli si yeye," akasema, na chozi likamtoka. "Ila..."

Akaanza kutikisika mabega. Paskazia akakimbilia kumshika, akidhani analia. Wapi! Alikuwa anacheka.

"Ila huyu naye," akasema Mama Jilala, pumzi zimemkatika, "walimfukuza kwaya?"

Na Deusi akacheka. Si kile kicheko chake cha kijiweni; hiki kilitoka tumboni, kikamuinamisha, kikamkalisha chini kwenye vumbi karibu na jiko, na katikati yake kikageuka kuwa kilio kikubwa cha mwanaume, kile kisichojali nani anasikia. Ila yake ya mwaka mzima ikatoka.

"Aliimba, mama. Nilikwambia alilala. Hakulala! Jiwe lilimkalia miguu, mimi nilikuwa upande wa pili, mkono wangu unafika begani kwake tu. Nikaanza kulia. Akaniambia nyamaza wewe, leo kwaya ni sisi wawili, tuone nani atanifukuza. Akawa anagonga moko kwenye mwamba na anaimba ule wimbo wa harusi aliouharibu. Aliuharibu tena, mama, vibaya mno! Nikampa sauti yangu ya pili kumrekebisha, akakataa kurekebishwa. Sauti yake ikakaa kandokando ya yangu tu, inaikwepa kwa unywele, na katikati yetu ikawa inatetema sauti nyingine, tukaisikia wote wawili. Akasema, Deusi, tuko watatu humu. Tukacheka. Kule chini tulicheka, mama."

Mkaa ulipasuka kwa mlio mdogo kwenye jiko.

"Baadaye maneno yakamwisha, ikabaki sauti tupu, anapiga yowe tu, lakini kwa zamu yake, hakukosa zamu. Baadaye sauti ikaisha, ukabaki moko. Baadaye hata moko. Mimi nikaendelea kuimba. Zamu yake ikifika nanyamaza, namwachia nafasi yake, kisha naendelea. Mpaka waliponitoa nilikuwa bado namwachia." Akaionyesha simu. "Humu wanaacha nafasi hiyo. Kwingine kote wameijaza."

Mama Jilala alijifuta uso kwa viganja vyote viwili, taratibu.

"Kwa hiyo hakufa kimya," akasema.

"Hakufa kimya, mama."

"Mwaka mzima nimekuwa najiuliza. Mnaniambia alilala, alilala. Jilala gani huyo anayelala kimya? Nikawa naona kama niliyemzika si wangu." Akamwekea Deusi mkono kichwani, akauacha hapo. "Sasa ni wangu."

Kutoka kanisani ngoma za ibada zilianza kusikika. Mama Hosiana akapita barabarani na Biblia yake kwapani, akasimama kwenye uwazi wa ua. "Mama Juliana! Mmekwisha choma?"

Paskazia alilitazama jiko. Akachukua sufuria, akatia maji, akamimina michembe ya mgeni, akaiinjika juu ya ule mkaa.

"Tunachemsha michembe," akajibu. "Nyie tangulieni."

Kisha akavuta kigoda, akakiweka kwenye vumbi mbele ya mumewe, karibu kama walivyokuwa siku ile kwenye mdomo wa duara, safari hii bila umati na bila gari. Macho yake yalikuwa mekundu. Huo muziki hakuupenda, na nijuavyo mimi hajaupenda mpaka leo.

"Baba Juliana," akasema. "Habari za huko chini?"

Neno lilikuja lenyewe mpaka ncha ya ulimi, kwa mazoea. Deusi akalimeza.

"Mbaya," akasema. "Mbaya sana, mke wangu."

Paskazia akaishika mikono yake yote miwili, akasubiri aendelee.